Mgonjwa wa akili ameshika panga na polisi wameitwa: nimfundishe nini askari wangu?

"Mimi ni sajini katika kituo kimoja cha polisi huku Pwani ya Kenya. Mwezi uliopita mama mmoja alipiga simu kituoni akasema mwanawe wa miaka 26 hajalala siku nne, amejifungia chumbani na panga, na anazungumza na watu ambao hakuna mwingine anayewaona. Tulikwenda watu sita kwa gari. Tulimwamrisha atupe panga, hakutupa. Ikawa purukushani. Tulimtia pingu, lakini alivunjika mkono na konstebo wangu mmoja alikatwa begani. Mama alilia akaniambia, 'Niliwaita mnisaidie, sikuwaita mnivunjie mtoto.' Maneno hayo hayanitoki. Sasa mkuu wa kituo ameniagiza niandae mafunzo ya siku mbili kwa askari wetu. Baadhi yao wanasema mwendawazimu haelewi maneno, anaelewa nguvu tu, na kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Daktari mmoja naye kaniambia kazi hii haikuwa ya polisi tangu mwanzo, tuwaachie watu wa afya. Je, mafunzo yanasaidia kweli? Na kama yanasaidia, nifundishe nini?"

Afande, pole. Pole kwa konstebo aliyekatwa, pole kwa kijana na mama yake, na pole kwako wewe, maana maneno ya mama kama yale hayafutiki kwa kujaza OB, kitabu cha matukio cha kituo. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kwa miaka mingi nimekuwa upande wa pili wa mlango, ule mnaougonga saa tisa usiku mkiwa na mtu nyuma ya gari amefungwa kamba mikono na miguu. Baadaye nikaanza kuitwa kuwafundisha askari. Kwa hiyo nawajua nyote wawili, wewe na yule uliyemtia pingu.

Nianze na jibu lenyewe. Mafunzo yanasaidia, lakini hayasaidii peke yake, na siku mbili zinatosha kufundisha jambo moja tu likaingia: kutokuwa na haraka. Ukilipanda hilo kwa askari wako, mengine yatapata pa kuota. Ukijaza ratiba majina ya magonjwa na picha za ubongo ukutani, watasikiliza, watakunywa chai, watapiga picha ya pamoja, na simu ijayo mtakwenda watu sita tena na kupiga kelele vilevile.

Hebu turudi kwenye kile chumba, lakini safari hii tuingie tukiwa ndani ya kichwa cha kijana.

Ubongo wa kila mmoja wetu una kazi ya kuchuja. Sasa hivi unasoma haya, pikipiki inapita nje, mtu anakohoa, na hayo yote unayaacha yapite. Kwa mtu aliyeingia kwenye hali tunayoiita saikosisi, kichujio hicho kimelegea. Dopamini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuuambia ubongo "hili ni muhimu, liangalie", inatolewa kupita kiasi na mahali pasipotakiwa. Ndipo kikohozi cha jirani kinakuwa ishara, na gari lililosimama nje linakuwa limekuja kwa ajili yake. Sauti anazosikia si mawazo tu. Akichunguzwa kwa mashine wakati anazisikia, sehemu za ubongo zinazoshughulika na usemi huonekana zikifanya kazi. Anazisikia kama wewe unavyonisikia mimi. Ongeza siku nne bila usingizi, ambazo peke yake zingemvuruga hata mtu mzima wa afya.

Basi kijana huyu amekaa siku nne akiambiwa na sauti kwamba kuna watu wanakuja kumuua. Mama yake anambembeleza, anamwambia hakuna mtu, ni ugonjwa, tulia mwanangu. Halafu mlango unagongwa kwa nguvu, wanaingia wanaume sita wenye buti, bunduki na virungu. Kwake yeye, mlithibitisha kila kitu. Panga alilolishika lilikuwa la kujikinga na nyinyi kabla hamjafika.

Kisha amri. Nina hakika zilikuwa nyingi na zilitoka vinywani vya watu kadhaa: tupa panga, mikono juu, lala chini, geuka, usisogee. Jaribu kuzitii zote kwa pamoja ukiwa na akili zako timamu. Yeye alikuwa akizisikia chini ya sauti nyingine zinazomwambia akilitupa panga amekwisha. Askari akahesabu sekunde tatu za kimya akaona ni ukaidi. Kwa kijana, sekunde zile zilikuwa za kutafuta ni sauti ipi ya kweli.

Na tusiwasahau askari. Moyo ulikuwa unawadunda, macho yakaona panga tu, masikio yakaziba. Mwili wa mwenye hofu hufanya hivyo, uwe umevaa sare au kanga. Kwa hiyo mle chumbani walikuwamo watu saba wenye hofu, na aliyekuwa na hofu kubwa kuliko wote ndiye mliyemtarajia awe mtulivu kwanza.

Wenzako wanaosema mwendawazimu haelewi maneno wana sehemu ndogo ya ukweli: haelewi maneno mengi, ya haraka, ya ukali, kutoka kwa watu wanne. Anaelewa maneno machache, ya mtu mmoja, yakirudiwa kwa upole na kuachiwa nafasi. Hili huwa silifundishi kwa mdomo, nalifundisha kwa karatasi ya manila. Unazungusha karatasi mbili ziwe kama mirija mirefu. Unamkalisha askari mezani, unampa kalamu, umwambie aandike jina lake kamili, namba ya kitambulisho, tarehe, na maelezo mafupi ya tukio la jana. Kila upande anakaa mwenzake na mrija, ananong'ona sikioni mwake bila kukoma: usimwandikie, anakudanganya, angalia mlango, wanakucheka, usimwandikie. Wewe unasimama mbele unamhimiza kwa sauti kubwa, haraka, andika, unangoja nini.

Namkumbuka koplo mmoja mwenye miaka mingi kazini, ambaye asubuhi yote alikuwa ameegemea ukuta na mikono amekunja. Alikaa kwenye kile kiti dakika mbili hazikutimia. Namba ya kitambulisho aliiandika ikakosa tarakimu mbili, jina la baba yake akaliandika nusu. Kisha akaiweka kalamu chini, akanisukumia karatasi, akasema, "Na mimi nilijua ni mchezo." Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kama mgonjwa anajifanya. Zoezi hili halihitaji bajeti. Lifanye mwanzo wa siku ya kwanza, kabla hujasema neno lolote la kitaalamu.

Kuna imani nyingine utakutana nazo, nazo usizipuuze. Ya kwanza ni kwamba kila mgonjwa wa akili ni hatari. Wengi wao hawamdhuru mtu yeyote maishani mwao, na uwezekano wa wao kupigwa, kuibiwa na kubakwa ni mkubwa kuliko wa wao kumdhuru mtu. Hatari huongezeka pale panapoungana mambo kadhaa: amewahi kuwa na ghasia, ametumia pombe au dawa za kulevya, sauti zinamwamrisha adhuru, ameacha dawa zake, au amebanwa kwenye kona hana pa kupitia. La mwisho hilo mara nyingi tunalileta sisi.

Ya pili ni majini. Huku kwetu nusu ya familia zitawaambia ana jini, na huenda ameshapelekwa kwa mganga, kwa shehe au kwa mchungaji kabla ya kuja kwenu. Askari wako asibishane nao, wala asibishane na mgonjwa kuhusu anachokisikia. Ukimwambia "hakuna sauti" umejiunga na wanaomwona mwongo. Ukimwambia "nazisikia" umemdanganya na atajua. Kuna njia ya katikati nayo ni ya kweli: "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutesa. Zinakuambia nini?" Jibu la swali hilo litakupa habari kuliko kingine chochote, kwa sababu ukisikia sauti zinamwambia ajiue au amkate mama yake, umejua uzito wa ulipo.

Ya tatu ni kwamba ana nguvu za watu kumi na hasikii maumivu, hivyo apigwe zaidi. Marekani waliitengenezea imani hii jina la kitaalamu na kulitumia kueleza vifo vya watu waliokandamizwa na polisi. Mwaka 2023 chama kikuu cha madaktari wa dharura cha huko kiliiondoa waziwazi karatasi yake ya mwaka 2009 iliyokuwa ikiunga mkono dhana hiyo. Nguvu unayoiona ni ya mtu anayeamini anapigania roho yake. Kumwongezea maumivu ni kumwongezea sababu ya kupigana.

Hapa naomba usome polepole, afande, kwa sababu ndipo watu hufia. Mtu akishakimbia na kupigana, misuli yake huzalisha asidi, na mwili huiondoa kwa kuhema haraka na kwa kina. Ili aheme, kifua kipanuke na kiwambo cha tumbo kishuke. Mkimlaza kifudifudi, mikono nyuma, goti moja mgongoni, jingine mabegani, mmemzibia njia ya kutoa hewa chafu wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote. Anaanza kujinyanyua apate hewa, askari anaona bado anapinga, anaongeza uzito. Kisha ghafla anatulia. Askari wanashukuru ametulia, kumbe moyo umesimama. Na usimruhusu mtu aseme "kama anaongea basi anapumua". Mtu anaweza kutoa maneno machache kwa hewa iliyobaki huku akizama. Akishafungwa pingu, alazwe ubavu mara moja au akalishwe, na askari mmoja apewe kazi moja tu, kumwangalia anavyopumua. Kwenye gari vilevile. Namna salama za kumshika mtu mwilini usizifundishe kwa kusoma nilichoandika hapa. Tafuta mkufunzi wa kuwaonyesha kwa mikono, pamoja na mhudumu wa afya aliyesimama pembeni.

Sasa kutokuwa na haraka kunafananaje kazini? Nikupe mfano mmoja niliousimuliwa na konstebo wa kike tuliyekuwa tumemfundisha, kisha na familia yenyewe walipomleta mgonjwa wodini. Mwanamume alikuwa barazani na panga, anatembea kwenda na kurudi. Konstebo alimwomba dereva azime kimulimuli na kusogeza gari nyuma ya mnazi, akapunguza sauti ya redio ya begani, akawaomba majirani warudi majumbani mwao. Wenzake wawili walibaki nyuma ya ukuta wa kisima wakiwa wanamwona. Yeye alichukua ndoo iliyokuwa chini ya mwembe, akaigeuza, akaikalia, mbali kiasi kwamba yule mtu angehitaji kukimbia ili kumfikia. Hakusema cheo chake. Alisema jina lake la kwanza, akasema, "Mama ameniambia hujalala. Niko hapa, sisogei." Akanyamaza. Alinieleza kwamba kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu, kwani kila sekunde alihisi wenzake wanamwona hajui kazi. Baada ya muda akauliza, "Umekula leo?" Hakujibiwa. Akauliza kuhusu maji. Yule mtu akasema ana kiu. Ilichukua kama dakika 50, na mwishoni panga lilibaki kwenye kidato cha baraza na bilauri ya maji tupu kando yake.

Ukiangalia vizuri, karibu kila alichofanya kilikuwa cha kununua muda na umbali. Umbali unampa askari nafasi ya kutolazimika kupiga risasi. Ukuta au gari kati yao unampa nafasi zaidi. Askari aliyejisogeza mwenyewe hadi hatua tatu na mtu mwenye panga amejinyang'anya kila chaguo isipokuwa moja. Aongee mmoja tu. Njia ya kutokea iachwe wazi, kwake na kwa mgonjwa.

Sisemi msitumie nguvu kamwe. Kama mle chumbani angekuwamo mtoto, au kama angetoka mbio na panga kuelekea watu, mngelazimika kuingia na nisingekulaumu. Lakini kwa maelezo yako mlango ulikuwa umefungwa, na ndani alikuwa peke yake. Mlikuwa na saa nzima mkononi na hamkujua kama ni yenu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, Jedwali la Sita, inasema hivyohivyo: njia zisizo za nguvu zijaribiwe kwanza. Wabandikie ukutani.

Na kabla ya kumwita mtu mwendawazimu, jiulizeni kama ni ugonjwa wa akili kweli. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, mtu aliyetoka kwenye kifafa dakika chache zilizopita, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, mlevi aliyekatisha pombe ghafla siku mbili tatu nyuma akaanza kutetemeka na kuona wadudu, mama aliyejifungua wiki iliyopita: wote hawa wanaweza kuweweseka, kupiga kelele na kupigana nawe. Huku Pwani ongeza unga, yaani heroini, na arosto ya kuukosa, na muguka, yale majani ya kutafuna, juu ya usiku bila kulala. Dalili za kukushtua ni mwili wa moto, jasho jingi, kuchanganyikiwa kulikoanza kwa saa chache kwa mtu ambaye jana alikuwa mzima, kutojua yuko wapi, degedege. Huyo hapiti kituoni. Huyo ni hospitali, tena idara ya dharura, wodi ya akili baadaye. Nimeshapokea mtu aliyelala seli usiku mzima kama kichaa, kumbe sukari yake ilikuwa imeshuka. Glukosi ilipoingia mshipani alifungua macho akauliza viatu vyake viko wapi.

Twende kwenye swali la mambo ya Wazungu. Mafunzo haya kwa namna yanavyojulikana leo yalianzia mjini Memphis, Marekani. Mwaka 1987 mama mmoja aliita polisi kwa sababu mwanawe wa miaka 27 alikuwa akijikata kwa kisu. Amri zilitolewa, hakutii, akapigwa risasi akafa. Unaona inavyofanana na simu yako. Jiji lilichafuka, na mwaka uliofuata polisi, wataalamu wa chuo kikuu na familia za wagonjwa wakakaa meza moja. Afisa wa polisi Sam Cochran na mwanasaikolojia Randolph Dupont wakajenga nao utaratibu wa askari wa kujitolea, wanaofundishwa saa 40, na ambao ndio hutumwa simu ya aina hii inapoingia. Na kulikuwa na kipande ambacho wengi walioiga walikisahau: hospitali moja ilikubali kumpokea yeyote anayeletwa na askari hao, bila kumkataa na bila kumweka askari foleni kwa saa nyingi.

Liberia, nchi iliyotoka vitani ikiwa na madaktari wa akili wa kuhesabu kwa vidole, iliuchukua utaratibu huo kwa msaada wa shirika la Carter Center la Marekani na kuufumua upya ulingane na hali yake. Wauguzi wa afya ya akili walisimama mbele ya polisi, na wagonjwa waliopata nafuu wakasimama pamoja nao wakaeleza jinsi kukamatwa kulivyokuwa. Kwa hiyo Mwafrika ameshalijaribu jambo hili, tena kwa mfuko mtupu kuliko wenu.

Je, yanasaidia? Nikuambie bila kukupaka mafuta. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba askari waliofundishwa hivi wanajua zaidi, wanawaona wagonjwa kwa jicho jingine, wanajiamini zaidi kuzungumza, na wanapeleka watu wengi zaidi kwenye matibabu. Kuhusu kama majeruhi na vifo vinapungua, ushahidi ni dhaifu, na waliozipitia tafiti hizo kwa makini wamesema hivyo. Sishangai. Askari anaweza kufuzu vizuri kisha akarudi kwenye kituo ambacho mkubwa wake anamwuliza redioni mbona umechelewa, na hospitali inamwambia kitanda hakuna. Ujuzi wake utaishia pale.

Daktari wako naye ana hoja nzito. Mahali pengi mgonjwa wa akili anafikiwa na polisi kwa sababu tu hakuna mwingine anayefika usiku. Mjini Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, kuanzia mwaka 1989 gari lenye mhudumu wa afya na mshauri wa dharura, bila silaha, lilikuwa likienda kwenye simu kama hizi. Kwa miongo lilihesabiwa kuwa mfano wa dunia, na mwaka 2025 likasimama Eugene kwa shida ya fedha. Uingereza, polisi wa Humberside mwaka 2020 walianza kukataa kwenda kwenye simu za afya pasipo na uhalifu wala hatari kubwa, na mwaka 2023 mpango huo ukasambazwa nchi nzima, huku wahudumu wa afya wakilalamika kwamba pengo linabaki wazi. Mimi ningependa kaunti zetu ziwe na timu za afya za kwenda majumbani. Nitalipigania hilo. Lakini usiku wa leo, kijiji kikiwa kilomita 40 kutoka hospitali na kijana ameshika panga, atakayefika ni wewe. Kusubiri mfumo bora si sababu ya kukuacha ufike bila kujua la kufanya.

Ndiyo maana naomba, kabla hujaandika ratiba ya mafunzo, ukaifanye kazi ya mlango, yaani ule wa hospitali utakaompokea mgonjwa. Nenda hospitali yenu ya kaunti, mwulize muuguzi mkuu wa afya ya akili mambo haya: nikimleta mtu saa nane usiku nimkabidhi nani, namba yake ya simu ni ipi, na kama hapana wodi ya akili atapelekwa wapi na kwa gari la nani. Mwombe simu ambayo askari anaweza kupiga akiwa njiani, au hata akiwa chini ya mwembe. Mara nyingi muuguzi anayemjua mgonjwa kwa jina anaweza kuongea naye kwenye simu na kumpoza kuliko sisi sote. Waingize pia chifu na wahudumu wa afya ya jamii. Wao wanajua nyumba ipi ina mtu aliyeacha dawa wiki tatu zilizopita, na hiyo ni simu unayoweza kuizuia isipigwe.

Kisheria una njia. Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyorekebishwa mwaka 2022, katika kifungu cha 16 inampa mkuu wa kituo, inspekta, chifu na naibu wake mamlaka ya kumchukua mtu wa namna hii na kumfikisha hospitali ndani ya saa 24, au katika muda unaofaa kulingana na mazingira. Kumchukua huku hakumfanyi mhalifu, wala seli haikutajwa kama mahali pa kumtibu. Chukueni nakala yenye marekebisho muisome pamoja na mwanasheria. Na jambo jingine ambalo vituo vingi bado havijalishika: tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Aliyeokolewa kwenye kamba au aliyekunywa sumu anapelekwa kutibiwa, hafunguliwi jalada.

Kuhusu siku mbili zenyewe, ningekushauri usiwafundishe wote sawasawa. Wape wote nusu siku: mirija ya karatasi, habari ya kupumua, dalili za hospitali, na namba ya muuguzi. Muda uliobaki wape wachache waliojitolea wenyewe, wanane hivi, wenye subira ya asili, nao ndio watumwe zamu yoyote simu kama hii ikiingia. Kulazimisha asiyetaka hakujawahi kunipa matunda. Wafanye maigizo mengi, kwenye nyumba ya kweli, si darasani, na mwenye kuigiza mgonjwa awe mtu mnayemheshimu. Mfundishe pia anayepokea simu, kwa sababu maswali yake ndiyo yanayoamua mtafikaje: jina lake nani, anatumia dawa gani, ameacha lini, kuna mwingine ndani ya nyumba, kuna silaha, nini humtuliza, nini humchokoza, nani anamwamini. Yule mama alikuwa na majibu yote saba au nane. Sidhani kuna aliyemwuliza.

Yapo mambo ya kushughulikia wiki hii, uso kwa uso, bila kungoja mafunzo. Mkono uliovunjika ni jeraha kubwa. Kama haujaripotiwa kwa mkubwa wako na kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ripotini, maana sheria ileile ya mwaka 2011 inadai hivyo. Najua si rahisi. Hakikisha kijana amewekewa plasta na pia ameonwa kuhusu ugonjwa wake, kwani wengine hutibiwa mfupa wakarudishwa nyumbani na sauti zao. Konstebo aliyekatwa akaonwe na mshauri nasaha, hasa ikiwa anashtuka usiku, amekuwa mkali nyumbani au anakwepa zamu. Na wewe pia, afande. Umesema maneno ya mama hayakutoki. Yakikunyima usingizi zaidi ya wiki chache, au ukianza kuyazimisha kwa chupa, nenda ukaongee na mtu. Msalaba Mwekundu wana simu ya bure, 1199, kama ungependa kuanza na mtu asiyejua cheo chako.

Mwisho, nenda kwa yule mama. Nenda bila gari la kituo na bila bunduki, ukiwa na mwenzako mmoja. Mpe pole, usijitetee, mwulize mtoto anaendeleaje. Akikupa kiti, keti umsikilize mpaka amalize. Akishapoa, siku hiyo au baada ya wiki kadhaa, mwombe kama atakubali kuja siku ya pili ya mafunzo awaeleze askari wako usiku ule ulivyokuwa kutoka jikoni kwake. Akikataa, muelewe. Akikubali, mtafutie nauli na chakula cha mchana, umpe nafasi ya kwanza asubuhi, na waambie vijana wako wavue kofia.